Mama Mkwe, Gunzi na Renchi ya Inchi 18

Mama mkwe wangu alizuia mafuriko kwa gunzi. Naanza na hilo kwa sababu ndilo watu wa ploti yetu hapa Kitengela huanza nalo wanaponisimulia, na heri mlisikie kwangu kuliko kwa yule mama wa ghorofa ya tatu ambaye, Jumamosi yenyewe, alikuwa na sabuni kichwa kizima maji yalipomkatikia. Nimemsalimu mara moja tangu siku hiyo. Aliitikia kwa kikohozi.

Chanzo cha yote ni rula.

Mfereji wa jikoni ulikuwa ukidondosha usiku kucha, tone kwa tone ndani ya sufuria, na tone la saa nane za usiku husikika hadi chumba cha kulala. Mke wangu akasema tuite fundi. Mimi nikasema kubadilisha mfereji ni kazi ya dakika 10. Nikachukua rula ya shule ya mtoto, nikapima zile nyuzi za skrubu zilizokuwa zikichungulia kati ya mfereji na ukuta: milimita 21. Inchi moja ni milimita 25.4, kwa hivyo nusu inchi ni karibu milimita 13, na robo tatu ni 19. Mtoto wa darasa la tano angeona 21 imekaribia ipi. Nikaenda hadiwea kando ya barabara ya Namanga, nikaagiza mfereji wa robo tatu kwa sauti ya mtu aliyepima.

“Ni wa kwa nyumba?” msichana wa kaunta akauliza.

“Ndio.”

“Wa nyumba ni nusu inchi.”

Nikamwonyesha rula. Akaniuzia robo tatu. Kufika nyumbani, nyuzi za mfereji ule mpya zilikuwa na upana wa milimita 26, na hata kwa jicho la imani haungeingia ukutani. Nikarudi. Pale juu ya kaunta pameandikwa kwamba bidhaa zikishauzwa hazirudishwi, kwa hivyo nikanunua mwingine, wa nusu inchi. Msichana hakusema neno. Aliivuta tu ile rula yangu upande wake, akaitumia kupigia mstari risiti.

Hapa lazima niseme jambo, maana bado linanichoma. Kwenye mfereji wa nusu inchi hakuna mahali popote penye nusu inchi. Pima nje, pima ndani, pima mdomo, hutaipata. Jina hilo lilitoka kwenye mabomba ya chuma ya Waingereza, ambayo yaliitwa kwa upana wa tundu lake la ndani. Ukuta wa bomba ulikuwa mnene, hivyo bomba la tundu la nusu inchi lilikuwa na milimita 21 kwa nje, na nyuzi hukatwa nje. Baadaye chuma kikawa chembamba, kisha kikawa plastiki, tundu likabadilika, lakini nyuzi hazikuguswa na jina halikuguswa. Nyuzi zenyewe ni za mtindo wa Joseph Whitworth, mhandisi Mwingereza ambaye mwaka wa 1841 alichoka kuona kila karakana ikikata skrubu kivyake, akapendekeza zote zifuate mpango mmoja: mteremko wa nyuzi uwe na pembe ya digrii 55, na kila ukubwa uwe na idadi yake maalumu ya nyuzi kwa kila inchi. Mfereji wa nusu inchi una nyuzi 14 kwa kila inchi. Ndiyo sababu mfereji uliotoka kiwandani China mwezi uliopita unaingia kwenye ukuta wa Kitengela bila kubishana: wote wawili wanamtii mzee wa karne ya 19. Ningemweleza msichana wa kaunta haya yote, lakini alikuwa na wateja.

Sasa, renchi.

Nyumbani nilikuwa na plaisi na spana ya baiskeli. Jirani yangu, dereva wa lori la mchanga, akaniletea renchi ya paipu ya inchi 18, nyekundu, nzito kiasi kwamba mwanangu Tito alipoibeba kuileta jikoni aliiburuta. Sikuwahi kushika renchi ya paipu. Niliketi nayo mezani nikaichezea hadi mke wangu akauliza kama mfereji unaodondosha uko mezani.

Lakini ni chombo cha ajabu jamani. Spana ya kawaida inatafuta nati yenye pembe, inakaa kwenye pembe zake, inazungusha. Renchi ya paipu inashika kitu cha mviringo, kisicho na pembe, ambacho kwa haki hakishikiki. Siri iko kwenye taya la juu. Taya hilo limelegezwa makusudi. Ukiitikisa renchi linacheza, na asiyejua atadhani imeharibika. Ukiweka paipu katikati na kuvuta mpini, taya linainama kidogo na kujikaza lenyewe. Ukivuta zaidi, linakaza zaidi. Meno ya juu na ya chini yamelala pande zinazopingana, kwa hivyo paipu ikijaribu kuteleza inajichoma. Ukirudisha mpini, linaachia mara moja, unashika upya. Yaani kadiri paipu inavyokataa ndivyo inavyobanwa, na wewe hukazi chochote, unavuta tu.

Aliyebuni hii ni Daniel Stillson, fundi wa Massachusetts kule Marekani, aliyepata hataza yake mwaka wa 1869. Husimuliwa kwamba alichonga mfano wa mti, akaupeleka kwa wakubwa wa kampuni ya Walworth alikofanya kazi. Wakamwambia atengeneze wa chuma kisha aujaribu kwenye paipu, na ama paipu ikatike ama renchi ivunjike. Paipu ikakatika. Zingatieni hapo. Kazi ya kwanza ya chombo hiki, ile iliyowaridhisha wakubwa, ilikuwa kuvunja paipu. Stillson alilipwa pesa kwa kila renchi iliyouzwa. Mimi, kwa kufanya alichofanya yeye, nimenunua zulia.

Mama alikuwa ameingia asubuhi hiyo kutoka Loitokitok. Alikuwa sebuleni akipukuchua mahindi ya githeri, ameketi mahali ambapo mlango wa jikoni ukiwa wazi anaona kila kitu, na mlango ulikuwa wazi. Mtu hawezi kufunga mlango mbele ya mama mkwe. Nikasimama wima, nikauma shingo ya mfereji kwa renchi, nikavuta. Haukusonga. Nikatazama sebuleni. Mama alikuwa ameacha kupukuchua.

Hesabu yake ni hii. Mpini wa renchi ile una sentimita 45 hivi. Tuseme unavuta kwa nguvu ya kilo 30, kiasi kidogo sana kwa mwanamume anayetazamwa na mama wa mkewe. Nyuzi za mfereji ziko sentimita moja tu kutoka katikati ya mzunguko. Kwa hivyo kinachofika kwenye nyuzi si kilo 30, ni kilo 30 mara 40 na zaidi. Tani moja na ushei. Na kilichokuwa ukutani kikingoja tani hiyo hakikuwa chuma. Nyumba zetu hizi mpya zina paipu za plastiki za kijani, zile za PPR, na pale mfereji unapoingia kuna elbo ya plastiki yenye pete ya shaba iliyozamishwa ndani yake kiwandani. Pete hiyo ina vijino kwa nje, vya kuizuia isizunguke ndani ya plastiki. Vijino hivyo havikutengenezwa vikimfikiria Stillson.

Kukatoka mlio mkavu. Mfereji ukanijia mkononi kwa urahisi wa kutiliwa shaka, pete ya shaba ikiwa bado imeushikilia. Nilipata nafasi ya kuitazama na kujiuliza hii ni nini. Kisha maji yakaja kwa mlalo, yakanipiga kifuani, yakapita chini ya kwapa, yakaingia sebuleni.

Mama hakukimbia. Aliinuka, akakunja kanga ndani ya kiuno, akanisogeza kwa bega, akaziba tundu kwa kiganja. Jikoni kukawa kimya.

“Baba Tito,” akasema, “lete gunzi. Jembamba.”

Nikaleta.

“Na kisu. Haya, shika hapa.”

Nikaweka kiganja changu pale palipokuwa chake. Kwake hapakuwa pakivuja hata tone. Kwangu maji yalichuruzika kila upande, mengine yakanirukia machoni, huku yeye akilichonga gunzi taratibu na kulizungusha aone kama limekaa mviringo. Akalisokota ndani ya tundu, kisha akaniomba renchi. Akaligonga kwa mgongo wa renchi, likazama. Ndiyo kazi pekee ambayo renchi ile ilifanya sawasawa siku hiyo.

Kwao Loitokitok, wanakonyunyizia nyanya kwa maji ya chemchemi za chini ya Kilimanjaro, gunzi ni kizibo cha paipu kama kawaida. Likiwa kavu linanyonya maji, linavimba, linajibana lenyewe. Kutoka upande huohuo ndiko bomba la Nolturesh linakoanzia safari yake ndefu ya kushuka hadi Kajiado, Kitengela na Machakos. Mama anayajua maji tangu yakiwa madogo.

Kuhusu kiganja changu nimefanya hesabu, si kwa kujitetea bali kwa kutaka kujua. Maji yaliyosimama mita 10 juu yako husukuma kila sentimita ya mraba kwa uzito wa kilo 1. Tangi letu liko juu ya ghorofa, sisi tuko chini, mita 10 zinafika. Tundu la upana wa sentimita 2 lina eneo la sentimita za mraba 3 na kidogo. Kwa hivyo mama mkwe alikuwa amezuia kilo 3, pakiti moja na nusu ya unga wa ugali, kwa mkono mmoja, huku akiniagiza kisu.

Mtauliza kwa nini sikufunga maji kwanza. Swali hilo limeulizwa na mama wa ghorofa ya tatu, na fundi, na Tito. Jibu ni kwamba katika nyumba yetu hakuna pa kufungia. Valvu ipo moja kwa ploti nzima, ndani ya kisanduku cha chuma chini ya ngazi. Kisanduku kina kufuli. Ufunguo anao keateka, na keateka Jumamosi huwa Isinya kwa mbuzi wake. Na maji yenyewe hayakuwa ya hivihivi; boza lilikuwa limeyaleta asubuhi hiyo, kwa mchango wa kila nyumba, baada ya siku kadhaa za mifereji kutoa upepo. Majirani waliposhuka ngazi na kukuta mchango wao ukitoka kwa mlango wangu kuelekea barabarani, hakuna aliyenipa pole. Mmoja alikuja na beseni, akakinga.

Fundi alifika kwa bodaboda, kijana mdogo mwenye begi la shule. Jambo la kwanza aliloliona ni gunzi.

“Nani ameweka hii?”

“Ni Mama.”

“Shikamoo, Mama,” akasema kwa heshima ambayo mimi sikuionja hadi alipoondoka. Kisha akautazama mfereji niliokuwa nimeushika, na meno ya renchi yaliyochimbika kwenye kromu. “Boss, mfereji una mabapa. Penye bapa hapahitaji meno.”

Na kweli, pale shingoni karibu na ukuta, mfereji una pande mbili zilizolainishwa kuwa bapa, na zimewekwa pale kwa ajili ya spana. Alitoa spana malaya ya inchi 10, ile ya taya linalosogezwa kwa kigurudumu cha kidole gumba. Umbo tunalolijua lilitoka kwa Msweden, Johan Petter Johansson, mwaka wa 1892. Alichoka kubeba rundo la spana kwa sababu nati za kila mashine zilikuwa na ukubwa wake. Nayo ina desturi yake ambayo wengi wetu tunaivunja. Taya moja limeungana na mpini, jingine linasogea na limeshikwa na skrubu ndogo tu. Unatakiwa uvute kuelekea upande wa taya linalosogea, ili lile taya imara ndilo libebe mzigo. Ukivuta kinyume, taya dogo linafunguka kidogo, spana inateleza, pembe za nati zinalika, na vifundo vya vidole vyako vinakutana na ukuta. Fundi alinieleza haya bila kuniangalia, akichimba plasta kwa tindo.

Alikata elbo iliyovunjika, akapasha mashine yake hadi digrii 260, akaichomea elbo mpya kwenye paipu kwa sekunde chache, akaishika ikapoa. Mfereji mpya akauzungushia tepu nyeupe, akaukaza kwa mkono, kisha spana kidogo mno. Kidogo cha kuudhi. Alipomaliza aliuokota ule mfereji wa zamani, akaufungua juu, akatoa kipande cha mpira cha ukubwa wa kifungo, kimeliwa upande mmoja.

“Ulikuwa unataka washa tu,” akasema. “Shilingi ishirini.”

Sijakubali hilo hadi leo, na nina sababu. Mifereji tuliyoikuta katika nyumba hii ni ya zinki iliyopakwa kromu. Siku ya kuonyeshwa nyumba inang'aa. Maji ya visima virefu vya hapa yana chumvi na madini. Birika huota ukoko mweupe, sabuni haitoi povu. Zinki ikikutana na shaba ndani ya maji ya chumvi, umeme mdogo hupita kati yao, na zinki ndiyo inayoliwa. Nyuzi zinagandana, kiti cha mpira kinatoboka, na washa mpya juu ya kiti kilichotoboka inadumu majuma machache. Hii si bahati mbaya ya mtu mmoja. Ni nyumba iliyojengwa kwa hesabu ya kwamba mjenzi hataishi ndani yake. Valvu ndogo ya chini ya sinki inauzwa mia chache za shilingi. Anayezikwepa katika ploti nzima anaokoa kiasi ambacho kodi ya miezi michache ingekirudisha, na kuanzia hapo kila mpangaji anayetaka kubadilisha kipande cha mpira sharti awakatie maji watu wote, au ampigie magoti mwenye ufunguo wa kisanduku.

Ejenti wa mwenye nyumba alituma barua. Inasema uharibifu umesababishwa na mpangaji kwa kutumia vifaa visivyofaa, na gharama itakatwa kwenye dipoziti. Nimeisoma mbele na nyuma. Hamna chumvi ndani yake, hamna valvu, hamna kufuli. Maji hayahaya yenye floridi yanawapaka watoto wa huku rangi ya kahawia kwenye meno, na meno ya Tito hayakatwi kwenye dipoziti ya yeyote.

Tangu hapo nimekuwa mwangalifu. Mfereji wa beseni la bafuni ulipoanza nao, sikuazima kitu. Nati yake imejificha juu kabisa, nyuma ya beseni, katika uwazi ambao mkono unaingia lakini haugeuki, na hapo spana malaya haina kazi kwa sababu kichwa chake ni kipana na mpini wake unahitaji nafasi ya kuzunguka. Kuna spana ya kazi hiyo tu: fimbo ndefu, chini ina mpini wa kukingama, juu ina kijitaya chenye springi kinachojipindua. Unalala chali, unapandisha fimbo wima hadi kwenye nati, kijitaya kinaikumbatia, na mkono wako unazungusha chini huko kwenye nafasi. Ukitaka kukaza badala ya kulegeza, unakilaza kijitaya upande wa pili. Aliyeibuni alikuwa amelala chini ya beseni akilia, hakuna namna nyingine. Nilipoiagiza hadiwea, msichana aliniuliza saizi. Nikamwambia hii haina saizi, inajirekebisha. Alitabasamu kwa mara ya kwanza.

Ilifanya kazi vizuri sana. Nilimwomba Tito ashike mfereji kwa juu usizunguke na nati, naye akaushika, akaufungua. Ule mkunjo wa paipu ya kutolea maji machafu nilikuwa nimeutoa ili kichwa changu kipate mahali.

Kichwa cha shawa kilitoka chenyewe.

Sisitani ya choo sitaizungumzia.

Ejenti nimemwandikia kuhusu valvu, kwa kirefu, nikamwekea na picha ya kisanduku cha chini ya ngazi na kufuli lake. Amejibu kwamba imepokelewa. Keateka naye ameongeza kufuli la pili.